Mwaka Mama Mkubwa Alipoacha Kuonja

Jumatano ya Majivu mwaka ule, Mama Mkubwa alirudi kutoka Misa ya asubuhi na alama nyeusi kwenye paji la uso, akavua viatu vya kanisani, akavaa kandambili za jikoni, kisha akanipa kijiko chake.

Kilikuwa kijiko cha mti ambacho mpini wake umeliwa na moto upande mmoja. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akikibeba kwenye mfuko wa aproni na kukitumia kuonjea tu. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukishika, na hata kukiosha alikiosha mwenyewe.

"Shika," aliniambia. "Kwaresima hii mimi sionji. Utaonja wewe."

"Hata mchuzi?"

"Hata mchuzi, hata maharage, hata maji ya moto. Mpaka Pasaka. Nimeshamwahidi Mungu, kwa hiyo usinibembeleze."

Sikuwa na mpango wa kumbembeleza. Nilitaka kumwuliza kwa nini, lakini mimi maswali yangu mengi huishia kooni. Nikakitia kijiko kwenye aproni yangu, nikaendelea kumenya viazi huku swali likinizunguka kichwani.

Jiko letu lilikuwa nyuma ya karakana ya kutengeneza mabasi, limebanwa kati ya stoo ya rangi na ukuta. Tulikuwa wawili tu. Mama Mkubwa, dada yake mama, alikuwa mpishi. Mimi, ambaye alinichukua nilipoacha shule darasa la tano, nilikuwa mkono wake wa kulia na wa kushoto. Saa saba mchana tulifungua dirisha la kupakulia, na watu sitini na wawili walipanga foleni: mafundi wa kulehemu, wapaka rangi, washona viti, na mlinzi aliyependa kuwa wa kwanza.

Kuonja ndiyo yaliyokuwa maisha ya Mama Mkubwa. Sijawahi kumwona amekaa chini na sahani mchana. "Mimi sili, naonja tu," alikuwa akisema, na kwa kuonja huko alikuwa na mwili wa mtu aliyeonja vizuri. Akionja alifumba jicho moja, akatazama dari kama mtu anayesikia anaitwa kwa mbali, kisha akatoa hukumu. "Unadai chumvi." "Umekasirika, upunguzie moto." Na ikawa kweli. Sasa mtu wa namna hiyo kuacha kuonja, niliona ni kama fundi wa kulehemu aseme anaacha moto.

Tena kwa nini mwaka huu? Wiki mbili kabla ya Majivu, Msimamizi wa karakana alikuja dirishani na kalamu yake sikioni, akasema tangu mwaka mpya watu wanalalamika chakula. Mwenye karakana anafikiria kufunga jiko na kuleta chakula cha kampuni kutoka nje, kwenye maboksi. Kabla ya Pasaka atakuja mwenyewe, ale, kisha aamue. Jiko likifungwa, Mama Mkubwa angerudi nyumbani na miaka yake hamsini na nane, asijue nani mwingine atampa sufuria. Na mimi ningemfuata nyuma.

Huo ndio wakati aliochagua kuacha kuonja. Nikajisemea labda ndivyo watu wanaompenda Mungu wanavyofanya, wanatoa kile kinachouma zaidi, wakati kinapouma zaidi.

Mimi pia nilikuwa na ahadi yangu. Padre alikuwa amesema kwenye mahubiri kwamba kufunga si chakula peke yake. Mtu anaweza kufunga maneno, akaacha yale ya kumchoma mwenzake, ya kumkosoa kila saa. Hilo lilinigusa sana. Nikaahidi kwamba mpaka Pasaka sitamkosoa mtu yeyote, na nikatoka kanisani mwepesi kabisa.

Siku ile ya kwanza tulipika maharage. Yalipoiva nilitoa kijiko, nikachota, nikaonja. Chumvi ilikuwa imesahaulika karibu yote.

"Vipi?" Mama Mkubwa aliuliza. Alikuwa amesimama karibu yangu mno.

Ningesemaje? Mtu aliyenifundisha kukata kitunguu, nimwambie maharage yake hayana chumvi? Tena siku ya kwanza ya kufunga kukosoa?

"Yako sawa, Mama Mkubwa."

"Sawa kabisa?"

"Kabisa."

Alinitazama kitambo, kisha akaanza kupanga mabakuli.

Mchana ule wa kwanza watu walinyamaza. Kesho yake chumvi ilizidi, na fundi mmoja wa kulehemu tuliyemwita Cheche akarudi dirishani na bakuli lake.

"Mama, mchuzi huu umepikwa kwa maji ya bahari?"

"Mama yuko kwenye mfungo," mlinzi alimjibu kutoka kwenye benchi, maana habari zilishaenea. "Ameacha kuonja mpaka Pasaka."

"Aa!" Cheche alishika kichwa. "Sasa mama yangu, mbona Kwaresima yako tunafunga sisi?"

Benchi zima lilicheka. Mama Mkubwa naye alicheka, akamwambia apeleke mdomo wake kwa washona viti waushone. Lakini sahani ziliporudi alizipokea mwenyewe, akawa anatazama kilichobaki ndani ya kila moja kabla ya kukimwaga. Zilirudi na chakula kingi.

"Hukuniambia imezidi," alisema, mgongo kwangu.

"Mimi niliona iko sawa."

Uongo huo ulinitoka laini kama mafuta. Nikajiambia nimelinda ahadi yangu.

Wiki ya pili ndipo yalipotokea ya chai. Tulikuwa na makopo mawili yanayofanana, la sukari na la chumvi, na asubuhi hiyo nilikuwa nimefuta rafu na kuyarudisha kinyume. Nilimtilia Mama Mkubwa vijiko vitatu kama kawaida yake. Alikaa juu ya gunia la vitunguu, akaanza kunisimulia habari za jirani yetu aliyegombana na fundi bomba, akawa anapiga funda, anasimulia, anapiga funda, mpaka kikombe kikaisha.

"Asante, mwanangu," alisema. "Chai nzuri."

Nikajimiminia yangu. Funda la kwanza nililitema kwenye sinki. Chumvi! Vijiko vitatu vya chumvi!

Nilimgeukia. Alikuwa anajifuta mdomo, uso umetulia. Hakukunja hata nyusi. Mwili ulinisisimka. Nilikuwa nimesikia habari za watakatifu waliotia majivu kwenye chakula chao ili wasikifurahie, nikadhani ni watu wa zamani sana, wa kwenye picha za ukutani. Kumbe mmoja amekaa juu ya gunia la vitunguu, kandambili moja imekatika kamba.

Kuanzia hapo nilimtazama kwa jicho lingine. Nilipomwona anakula wali uliokauka chini ya sufuria bila kuongezea kitu, niliona utakatifu. Alipokunywa maziwa ambayo mimi niliyanusa tu nikajua yameharibika, niliona utakatifu, halafu nikakimbia kumnyang'anya kikombe maana niliogopa tumbo lake. "Yana nini?" aliuliza. "Yamechacha, Mama Mkubwa." "Kumbe," alisema, akayamwaga taratibu.

Lakini nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua. Nilijiuliza anafanyaje. Anasali sala gani kimoyomoyo mpaka uso usikunjike? Nyumbani nilijaribu mwenyewe, nikatia chumvi kwenye chai yangu, nikasali Salamu Maria, nikapiga funda. Uso ulikunjamana kama kitambaa cha kudekia. Nikajaribu mara ya pili na Baba Yetu. Ikawa vilevile.

Basi nikaanza kumjaribu yeye. Najua si vizuri kumjaribu mtakatifu, lakini nilishindwa kujizuia. Siku moja nilimkamulia limau kwenye maji yake ya kunywa, limau zima. Akanywa kama maji. Siku nyingine nikamsagia pilipili kwenye maharage yake, kidogo tu, ncha ya kisu.

Akakohoa, macho yakamtoka machozi, akapepea mdomo kwa aproni. "Wewe mtoto! Unataka kuniua? Pilipili yote hii ya nini?"

Nikaomba samahani mara kumi. Lakini kichwani nilibaki na fumbo. Chumvi hakuiona. Limau hakuliona. Mbona pilipili ameiona? Kama ni nguvu ya sala, mbona sala inachagua?

Jibu lilikuja Jumanne ya wiki ya nne. Tulikuwa tumewasha majiko yote mawili. Mama Mkubwa alikuwa ameketi ameupa mgongo moto, anachambua mchele, na mimi nilikuwa nje nateka maji. Harufu ilinipata nikiwa bado bombani. Vitunguu vinaungua, tena si kuungua kidogo. Wapaka rangi wawili walikuwa wamesimama mlangoni pa stoo ya rangi wanatazama upande wetu. Nikaacha ndoo, nikakimbia.

Moshi ulikuwa umejaa mpaka kwenye dari. Mama Mkubwa alikuwa pale pale, hatua mbili kutoka kwenye sufuria, anachambua mchele, anaimba wimbo wa Njia ya Msalaba.

"Mama Mkubwa! Vitunguu!"

Aligeuka. Akauona moshi. Nikauona uso wake ulivyobadilika, na ile haikuwa aibu ya mtu aliyesahau sufuria. Alikuwa ameogopa.

"Nilikuwa nasali," alisema haraka. "Nilizama kwenye sala."

Nilizima jiko. Nikakwangua sufuria. Nikaanza vitunguu vipya bila kusema neno, na wakati navikata nilikuwa najibu swali langu mwenyewe. Mtu anaweza kuacha kuonja. Hayo ni mapenzi yake. Lakini nani amewahi kuacha kunusa? Pua haina mlango.

Hakuwa amefunga kuonja. Ulimi wake ulikuwa umekufa, na pua yake pamoja nao.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwangu kuliko za njaa. Sasa nilijua, na yeye hakujua kwamba najua, na kila siku aliniuliza "Vipi?" na mimi nilijibu "Sawa." Nilimwogopa. Nilimwonea huruma. Halafu kulikuwa na ile ahadi yangu, sitamkosoa mtu, ambayo niliishika kwa mikono miwili kama mtu anayezama.

Jumamosi nikaenda kuungama. Foleni ilikuwa ndefu na nilipitisha watu watatu mbele yangu kabla ya kupata moyo.

"Padre," nilisema nilipopiga magoti, "nina swali kabla ya dhambi."

"Uliza, binti."

"Kumwambia mtu mchuzi wake una chumvi nyingi, ni kumkosoa?"

Padre alisogea karibu na wavu.

"Una chumvi nyingi kweli?"

"Ndiyo, Padre."

"Wewe unajuaje?"

"Mimi ndiye ninayeonja. Nimepewa kazi hiyo."

"Na ukishaonja unasema nini?"

"Nasema uko sawa."

"Na wanaokula wanasemaje?"

"Wanasema maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, Padre."

Alikohoa. Nadhani alikuwa anacheka. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Uliahidi nini Kwaresima hii?"

"Kutomkosoa mtu."

"Kabla ya hapo ulikuwa unakosoa watu sana?"

Nikafikiri. Nilirudi nyuma mwezi mmoja, miwili, nikapekua mwaka mzima. Sikupata hata mmoja. "Hapana, Padre. Mimi huwa siongei."

"Basi hukuacha kitu. Umechukua woga wako wa siku zote ukauvisha nguo ya zambarau ya Kwaresima."

Masikio yaliniwaka moto. Nikauliza, "Na kama kuna mtu mwingine naye anaficha jambo?"

"Ya mtu mwingine atayaleta mwenyewe. Malipizi yako ni haya. Sali Baba Yetu moja, na chumvi ikizidi tena, sema."

"Nikishindwa?"

"Utarudi. Foleni umeiona ilivyo."

Jumatatu tulipika kabichi, ikatoka vizuri kwa bahati, na Jumanne chakula kilikuwa kinalika. Jumatano chumvi ilipungua, wala haikuzidi, nikajitetea kwamba Padre alisema ikizidi. Jioni Msimamizi akaja na kalamu yake sikioni.

"Mama, kesho Mwenye karakana anakuja. Atakula hapa na watu. Pika kama unavyojua kupika."

"Nitapika," Mama Mkubwa alisema. Mikono yake ilikuwa ndani ya maji ya kuoshea vyombo na hakuitoa mpaka Msimamizi alipoondoka.

Alhamisi tulifika jikoni mapema kuliko siku zote. Nyama na viazi, na wali. Chakula ambacho Mama Mkubwa angeweza kukipika amefumba macho, na kwa kweli ndivyo alivyokipika. Alikaanga vitunguu akihesabu kwa sauti. Alisikiliza mafuta. Aliitazama nyanya mpaka ilipoachana na mafuta. Hapo nikaelewa jinsi alivyokuwa ameishi miezi ile yote, kwa masikio na macho na vidole. Akatia chumvi kiganja kimoja. Wakati huo huo Msimamizi akagonga dirisha kuuliza habari ya viti vya wageni. Mama Mkubwa akaenda, akarudi, akasimama mbele ya sufuria akiwaza, na mkono wake ukaingia tena kwenye kopo.

Niliuona ukiingia. Nilifungua mdomo. Mkono ulikuwa mwepesi kuliko mimi.

Saa saba kasoro dakika ishirini na tano alinitazama. "Onja."

Nikachota, nikapuliza, nikaonja. Ulimi ulijikunja kama jani kwenye moto.

"Vipi?" Tayari alikuwa amegeuka anashusha mabakuli. "Uko sawa?"

Nje nilisikia kiti kinavutwa, na sauti ya Msimamizi ya kumkaribisha mkubwa. Nilijaribu kupima. Nikisema sawa, watu sitini na wawili watakula hii, na Mwenye karakana wa sitini na tatu. Nikisema si sawa, nitakuwa nimesema.

"Hauko sawa," nilisema.

Bakuli moja liligonga lingine.

"Unasemaje?"

"Chumvi imezidi, Mama Mkubwa. Imezidi sana. Hauliki."

Aligeuka taratibu. "Leo? Wiki tano unaniambia sawa, leo Mwenye karakana yuko kwenye benchi ndiyo unaona chumvi?"

"Hata siku hizo haikuwa sawa."

"Siku zipi?"

"Zote." Kwa kuwa nilikuwa nasema ukweli nikaona niseme wote. "Isipokuwa ile Jumatatu ya kabichi."

Aliinua mkono, nikadhani atanipiga, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Uliishia hewani. Na mimi nilikuwa nimeshaanza, sikuweza tena kusimama, kama mtu anayeteremka mlima mbio.

"Mama Mkubwa, wewe hukuacha kuonja. Huwezi kuonja. Wala kunusa. Vitunguu viliungua nyuma yako."

Alikaa juu ya gunia. Alikaa vibaya, nusu ya mwili nje, na hakujirekebisha.

"Ni yale mafua ya Desemba," alisema. "Yaliisha. Asubuhi moja nikaamka, chai imekuwa maji ya moto. Nikasema itarudi. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukapita. Napika kwa kukumbuka. Nani ataajiri mpishi asiyeonja? Ni kama kumpa basi dereva asiyeona." Alijipangusa uso kwa aproni. "Kwaresima ilipofika nikasema, hii hapa njia. Mtu aliyefunga hakuna anayemwuliza maswali. Nikampa Mungu kitu ambacho hakikuwa changu tena. Ni kama kumkaribisha mgeni kwenye kiti kilichovunjika, halafu ukajisifu umempisha."

"Na mimi?"

"Wewe nilikuchagua uwe ulimi wangu. Nikasahau kwamba wa kwako umefungwa tangu uzaliwe." Alinitazama, na sikuona hasira tena. "Nilijua kuna kitu. Sahani zilikuwa zinasema. Lakini ningekubana vipi bila kujitaja mwenyewe?"

Nje, mtu alianza kugonga sahani kwa kijiko.

"Si wewe peke yako," nilisema. "Hata mimi sikuacha kitu." Sikupata muda wa kueleza.

Mama Mkubwa alisimama. "Kuna viazi vingapi vilivyochemshwa bila chumvi?"

"Sufuria ndogo nzima."

"Lete. Lete na nyanya. Lete ndoo."

Hapo ndipo tulipopika kweli. Yeye alijua la kufanya, mimi nilijua limefika wapi. Alichota supu kwa upawa, akamwaga kwenye ndoo, akatia maji ya moto sufuriani, akatia viazi. "Onja." "Bado." Akachota tena, akamwaga tena. "Onja." "Bado, inauma pembeni mwa ulimi." "Pembeni? Hiyo nyanya itaitoa." Akasaga nyanya kwa mikono. "Sasa?" "Inakaribia." "Inakaribia kutoka juu au kutoka chini?" "Juu." Hatukuwahi kuongea hivyo, haraka haraka, kama watu wanaobeba kabati zito ngazini. Saa saba ilipita. Saa saba na dakika kumi. Kugonga sahani kulikuwa kumekuwa ngoma.

"Mama, au leo tunafunga kabisa?" Cheche alipaza sauti, na benchi likacheka, kisha likanyamaza ghafla, nadhani walimkumbuka mkubwa.

Saa saba na dakika ishirini nilionja nikasema, "Unalika."

"Unalika tu?"

"Unalika vizuri. Chumvi bado iko juu kidogo."

Akafungua dirisha. Mwenye karakana alikuwa mtu mdogo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, amekaa kati ya wapaka rangi kama mmoja wao. Msimamizi alikuwa anatazama saa.

"Samahani kwa kuchelewa," Mama Mkubwa alisema. "Nimewaambia nimefunga kuonja. Si kweli. Siwezi kuonja. Tangu Desemba ulimi wangu haufanyi kazi, na nimekuwa nikiwalisha kwa kubahatisha. Mchuzi wa leo niliuharibu. Huyu binti ndiye aliyeniambia, na ndiye aliyeutengeneza pamoja nami. Mnisamehe."

Hakuna aliyecheka. Cheche alikuwa anatazama bakuli lake tupu kana kwamba limemtukana.

Mwenye karakana alivaa miwani. "Yuko wapi aliyeonja?"

Mama Mkubwa alinisogeza dirishani kwa mgongo wa mkono. Nyuso zote zile. Nikakishika kijiko ndani ya mfuko wa aproni.

"Chakula kikoje?" aliniuliza.

Neno lilikuwa tayari mdomoni, lile la siku zote. Nililimeza.

"Nyama imeiva. Wali ni mzuri. Mchuzi bado una chumvi kidogo, lakini unalika."

"Kidogo kiasi gani?"

"Utakunywa maji mara moja zaidi ya kawaida."

Mlinzi ndiye aliyeanza kucheka, halafu wote. Mwenye karakana hakucheka. Alipanga foleni, akapokea, akala mpaka mwisho, akanywa maji, akaangalia glasi, akajimiminia tena. Aliondoka bila kutuambia kitu.

Usiku ule Mama Mkubwa hakusema mengi. Ijumaa jioni alienda kuungama na alipotoka macho yalikuwa mekundu na mwendo wake mwepesi. Sikumwuliza aliambiwa nini, ingawa nilitamani sana kujua.

Jumatatu ya Wiki Kuu Msimamizi alikuja dirishani. Alisema jiko linabaki. Mwenye karakana amesema kwamba watu wa kampuni ya maboksi walimletea chakula mara tatu, na mara zote tatu walimwambia ni kitamu, hata kilipokuwa hakina chumvi. Ila kuanzia sasa hakuna sufuria inayotoka bila mimi kusema, na Mama Mkubwa aende hospitali akapimwe hiyo pua.

"Nitaenda," Mama Mkubwa alisema. Alipoondoka Msimamizi, alifunga dirisha, akavuta gunia karibu na jiko, akaketi. Sufuria ya maharage ilikuwa inatokota.

"Zimebaki siku chache na mimi sijafunga hata siku moja," alisema. "Wewe je?"

"Hata mimi."

Akafikiri. "Mimi nitafunga kujifanya najua. Kila kitu nitauliza, hata mbele ya watu. Itaniua." Kisha akanielekezea kidole. "Na wewe utafunga neno moja. Sawa. Mpaka Pasaka sitaki kulisikia."

"Sa..." nilisema, nikajiziba mdomo.

"Umeona? Haya, onja. Niambie maharage yakoje."

"Ni mazuri."

"Hilo ni ndugu yake sawa. Nimekosa maharage tangu Desemba, mwanangu. Niambie yakoje."

Nikaonja tena. Sikuwa nimewahi kutafuta maneno ya kitu kama hicho. Nikamwambia ganda linakataa kidogo halafu linaachia. Kwamba ndani ni unga, lakini si unga mkavu, ni kama udongo wa bustani ukinyunyiziwa maji jioni, ile harufu yake. Kitunguu hakionekani lakini kipo, kiko chini, kinafanya utamu ambao si wa sukari. "Wa nini basi?" aliuliza. Nikasema wa kitu kilichokaa sana motoni bila kuharakishwa. "Na chumvi?" Nikasema chumvi imekuja mwishoni, imefunga mlango na kuondoka. Yeye alikuwa ameegemea ukuta, anauliza, "Enhe? Halafu?" na mimi nachota, napuliza, naendelea. Nilimweleza kabichi. Nilimweleza mpaka maji ya bomba.

Dirisha likagongwa. Ilikuwa ni sauti ya Cheche.

"Mama! Unaongea na nani humo ndani nusu saa nzima?"

"Ni mimi," nilimjibu. "Subiri, sijamaliza."